Nimependa Ngoma, Mwenye Ngoma Anataka Ndoa

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba unijibu kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi kuna mtu anakuja na gari kuchukua seti ya ngoma za mwanamume mmoja, na Jumapili wazee wa mwanamume huyohuyo wanakuja kwa mama yangu kuniposa, na mambo haya mawili yameshonwa pamoja kiasi kwamba nikifumua moja nalichana la pili, na mimi ni mshonaji, nikisema kitu kitachanika ujue kitachanika.

Kazi yangu ni mapazia. Nashona kwenye karakana ya mama mmoja tunayemwita Bimkubwa, na cherehani yangu ni ya kukanyaga, ya umeme nimeletewa nikaikataa kwa sababu mguu wangu unapenda kazi, ukikaa bure unaanza kutafuta pa kugonga, na huo mguu ndio ulionifikisha hapa. Miaka kadhaa iliyopita Bimkubwa alinituma nikapime madirisha ya ukumbi ulio juu ya duka la matairi, watu wa chini walikuwa wamechoshwa na kelele na mwenye ukumbi alitaka mapazia mazito ya kuzuia sauti, nikapanda ngazi na utepe wangu shingoni, nikasukuma mlango, nikakuta bendi ya muziki wa roki inafanya mazoezi, magitaa yanapiga mayowe, nikaziba masikio, halafu chini ya zile kelele nikasikia ngoma, nikayazibua.

Mpiga ngoma wao wanamwita Spana. Mchana ni fundi bomba, jioni ni mtu wa roki, na ana spana ndogo haimtoki mfukoni, ndiyo anayokazia mabomba ya watu na ndiyo anayokazia ngozi za ngoma zake. Mshauri, sijui kama wewe ni mpenzi wa roki, kwa hiyo niruhusu nikueleze kidogo, maana usipoelewa hili hutanielewa mimi. Wapiga ngoma wengi wa roki wanapiga kama watu wanaodai haki yao. Spana hapigi, anaachia. Fimbo anaiachia ianguke kwa uzito wake, ikigusa ngozi anaipokea inavyorudi juu, na pigo lake la pili huchelewa kidogo sana, si uchelewaji wa uvivu, ni wa mtu anayejua chakula hakitapakuliwa mpaka yeye afike, na katikati ya mapigo makubwa kuna vipigo vidogovidogo vya mkono wa kushoto ambavyo ukikaa nyuma ya ukumbi huvisikii, lazima usogee, nami nilisogea, kila siku ya mazoezi nilisogea, mpaka nikawa na mahali pangu mbele kabisa ya ngoma kubwa, na watu wa bendi wakaacha kuniuliza nimemfuata nani.

Seti niliyomkuta nayo ilikuwa nyekundu iliyopauka, ngoma nne tu na matoazi matatu, toazi moja lina ufa, na ule ufa ndio uliokuwa utamu wake, lilikuwa linakohoa badala ya kulia. Kisha akaingiwa na tamaa. Akanunua seti nyeusi, kubwa, ngoma zimempanda mpaka nyuma ya mgongo, ngoma kubwa mbili kwa miguu miwili, na mimi nikakosa raha msimu mzima, kwa sababu mtu mwenye ngoma nyingi anataka zote zisalimiwe, na ile nafasi ya kimya aliyokuwa anaiacha ikajaa salamu. Sikuvumilia, siku moja walipopumzika nikamwambia, "Kaka, umejenga vyumba vingi mpaka hatujui unalala wapi." Bendi walicheka sana. Yeye hakucheka, na baada ya muda nikakuta ile seti nyeusi haipo, amerudi kwenye ngoma nne, safari hii za mbao, rangi ya asali, na zina sauti kavu na safi kama mlango mzuri unapofungwa. Hizo ndizo ngoma zinazouzwa Jumamosi.

Ngoma za mbao hazipendi vumbi wala kugongwa, na Spana alikuwa anazibeba kwenye gari la mabomba akizifunika kwa gunia, na mimi moyo uliniuma kama nimeona mtoto amelazwa sakafuni, nikachukua utepe nikazipima moja moja, mzunguko na kimo, nikazishonea mifuko ya turubai yenye bitana ya mahameli iliyobaki kwenye pazia la watu. Hata kiti chake nilikishonea kava, ila hicho sikukikalia, nilimwomba anipe nikipimie mezani, nilihisi kukalia kiti cha mpiga ngoma ni kama kuvaa viatu vya mtu bila ruhusa, na kusema kweli kwa miaka yote hiyo sikuwahi hata kupita upande wake wa nyuma. Halafu ikabaki ngoma kubwa. Ilikuwa inavuma kama pipa tupu, na dawa yake inajulikana, unaweka kitu laini ndani kiegemee ngozi, basi nikashona mto mdogo, nikaujaza pamba kwa kipimo, si nyingi si haba, nikamkabidhi mkononi mbele ya bendi nzima. Mazoezi yaliyofuata nikatega sikio, ngoma inavuma. Yaliyofuata tena, inavuma. Nikamuuliza mto uko wapi, akasema kwa sauti ya chini kwamba uko kitandani kwake, anaulalia. Mshauri, nilikasirika. Mtu mzima unapewa kifaa cha ngoma unakwenda kukilalia, na nikamwambia hivyohivyo, na yeye akawaambia wenzake kwamba hakuna mwanamke mcheshi kama mimi.

Sasa niseme la aibu. Mchana wenzangu wakienda kula mimi nabaki karakanani. Jora nene la turubai nalisimamisha liwe ngoma kubwa, kopo la vifungo liwe ile ngoma ndogo inayokaa kati ya magoti, majora mengine mawili kushoto na kulia, vifuniko vya sufuria natundika kwenye vyuma vya mapazia viwe matoazi, rula mbili za mbao ndizo fimbo, cherehani naivua mkanda ili nikanyage pedali bila kushona kitu, na najipigia nyimbo zao zote kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Na sijawahi kuzipiga vizuri. Mikono inagongana, wa kulia unafika mahali ambapo wa kushoto tayari upo, rula zinanipiga vidole, na nilishakubali moyoni kwamba Mungu alimpa yeye kipaji na mimi akanipa masikio tu.

Mwezi huu bomba la karakana likapasuka. Bimkubwa akaita fundi, fundi akawa ni Spana, akaingia na mkoba wake mchana wakati mimi niko kwenye wimbo wa tatu. Akasimama mlangoni akacheka mpaka akaweka mkoba chini. Kisha akalizunguka lile kopo na majora, akasema, "Umezipanga kinyume. Kulia kwangu umepaweka kushoto kwako. Umezipanga kama zinavyoonekana na mtu aliyesimama mbele yangu."

Nikamwambia ndiyo, si ndivyo zilivyo.

Akasema, "Kwa hiyo miaka yote hii ulikuwa unanitazama usoni."

Mshauri, mimi nilikuwa natazama mikono. Lakini sikuwahi kumsahihisha kwa sababu tayari alikuwa ameanza kuhamisha, kopo la vifungo kule, vifuniko huku, jora fupi likavuka upande wa pili, akanigeuza na mimi, akaniwekea rula mikononi akasema piga. Nikapiga. Mikono haikugongana. Kila kitu kilikuwa pale mkono ulipokitaka, na lile pigo la pili, lile linalochelewa, likatoka, limetoka kwangu, kwenye kopo la vifungo, limechelewa vilevile, na machozi yakanitoka nikashindwa kuyazuia, nikawa napiga huku nalia. Spana akasema, "Basi nimepata jibu langu." Mimi sikujua swali lilikuwa nini. Nikaitikia kwa kichwa, maana kichwa kilikuwa kinaitikia pigo.

Kumbe Bimkubwa alikuwa mlangoni na sahani yake ya chakula. Bomba halijamaliza kuzibwa, mama yangu ana habari nyumbani.

Kesho yake Spana alikuja amevaa shati la kunyooshwa, akanieleza mipango yake, kwamba mume wa mtu hawezi kuzunguka na bendi, kwamba amepata mnunuzi wa ngoma na kwa atakachopata atapanga vyumba viwili na kununua kitanda na jokofu, na akamaliza kwa kuniambia, "Wewe ndiye uliyenifundisha kupunguza. Sasa nimepunguza zote." Aliona ananipa zawadi. Nikamwangalia nikashindwa kusema neno, akaniaga akaenda kazini.

Sasa hebu nione wewe ungefanyaje. Nikikubali, nimepata mume asiye na ngoma, mikono ile mizuri itakaa nyumbani kwangu ikishika kikombe cha chai. Nikikataa, nitapita wapi kuingia ule ukumbi, nitasimamaje tena mahali pangu mbele ya mtu niliyemkataa, na nisiposimama pale sijui wiki yangu itakuwa na maana gani. Na ubaya wake hana, hanywi, hatukani, bomba la karakana alilitengeneza akakataa hata soda. Nimejaribu kumpenda, nimekaa nikafumba macho nikasema sasa nimfikirie Spana, na kinachokuja ni lile toazi lenye ufa. Nikamweleza mama yote, akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Unasema unaupenda mkono wake wa kushoto na mguu wake wa kulia. Sasa hapo katikati pana kasoro gani?" Na mama ameshaazima viti vya wageni kwa jirani.

Nisaidie, mshauri, nimekwama katikati ya wimbo.

Mimi, Mshona Mapazia

*

Mwanangu Mshona Mapazia,

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, ilipofika kwenye mto nikakaa. Mimi roki naijua kwa kumgongea jirani ukuta apunguze, kwa hiyo mambo ya toazi linalokohoa nakuachia mwenyewe. Lakini watu nawajua kidogo, na wewe nimekuelewa kuliko ulivyojielewa.

Tuanze na hili. Umeniandikia barua ndefu kuhusu mwanamume anayetaka kukuoa, na nimefika mwisho sijui kama ni mrefu au mfupi. Sijui kama ana ndevu. Ngoma zake najua zina rangi ya asali, yeye mwenyewe ana rangi gani hukuona haja ya kuniambia. Wasichana waliopenda huwa wananiletea macho ya mtu, na sauti, na namna anavyocheka, wananiletea mpaka nachoka. Wewe umeniletea mguu. Swali la kama unampenda umeshalijibu, mwanangu, jibu ni hapana, na hapana si dhambi wala si kukosa shukrani. Mtu mwema anastahili mke anayemwona.

Sasa kaa vizuri nikuseme.

Ulimkosoa seti yake, akaiuza akanunua uitakayo. Ulimshonea mifuko yenye bitana ya mahameli. Ulimpa mto, mkononi, mbele ya wanaume wenzake. Ulitaka afikiri wewe ni nani, mkaguzi wa ngoma? Mwanamume ukimpa mto mbele ya marafiki zake hawezi kuuweka ndani ya ngoma. Mimi mwenyewe ningeulalia. Hukufanya kwa ubaya, naamini, macho yako yalikuwa mikononi mwake na mtu mwenyewe hukumwona, lakini yeye alikuona, na kila ulichompa alikihesabu. Halafu ukaitikia kwa kichwa. Hilo nakusamehe, ulighafilika. Ila alipokuja kesho yake na shati la kunyooshwa akakueleza vyumba na jokofu, hapo hukughafilika. Hapo ulijua ameelewa vingine, ukanyamaza kwa sababu kusema kulikuwa kugumu. Huko kunyamaza ndiko kosa lako, na usilitafutie jina lingine.

Na hapa ndipo uliponikera hasa. Barua nzima unalia utasimama wapi ukumbini. Yeye je, atakaa wapi? Kuna mtu anauza kitu alichokuwa nacho kabla hajakujua, anakiuza kwa sababu ya machozi aliyoyasoma vibaya, na wewe ndiye mtu pekee duniani anayejua ameyasoma vibaya. Ukimngoja auze Jumamosi, halafu Jumapili wazee wamekaa kwenye viti vya jirani ndipo umwambie hapana, utakuwa umemwacha bila mke na bila ngoma, kabaki na ile spana mfukoni ya kukazia mabomba ya watu. Mke atapata, Inshallah. Ngoma zile zikishapanda gari la mtu, maji yakimwagika hayazoleki.

Kwa hiyo usingoje gazeti hili lifungiwe vitafunwa. Ukimaliza kusoma vaa viatu uende. Usimtume Bimkubwa, huyo ameshatumika vya kutosha. Usimtume mama. Usipige simu, maana kwenye simu utaanza kumsifia na utapotea njia. Mtafute anapofanya kazi, mngoje atoke chini ya sinki la watu, afute mikono, kisha anza na ngoma, usianze na ndoa. Mwambie hivi: "Usiuze ngoma zako kwa ajili yangu. Siku ile nililia kwa sababu mikono yangu ilipiga sawasawa kwa mara ya kwanza. Halikuwa jibu la posa, na nilikosea kunyamaza. Siwezi kuolewa na wewe." Mwambie basi, ufunge mdomo. Nakujua, utataka kuongeza kwamba hata hivyo pigo lake la pili halina mfano. Nakukataza. Siku hiyo asisikie habari ya pigo lolote.

Anaweza kukasirika. Ana haki, mwache amalize. Anaweza pia kuziuza vilevile, kwa uchungu au kwa sababu kweli amechoka, na hilo ni lake, ila aziuze akiwa anajua ukweli. Na akiziuza, wewe usiwe wa kwanza kuuliza bei. Ukumbi ule usiukanyage mpaka yeye mwenyewe akuite, na pengine hatakuita. Mahali pako mbele ya ngoma umepapoteza, mwanangu, nisikudanganye.

Kwa mama yako nenda leo hiihii, viti virudi kwa jirani kabla havijazua maneno zaidi. Swali lake lilikuwa zuri na linastahili jibu. Mwambie hapo katikati hapana kasoro yoyote, ila wewe hukuwahi kupatazama, na mwanamume hawezi kuoa mwanamke ambaye atakuwa anamsikiliza tu miaka yote bila kumwona. Atanuna. Mama wakinuna huwa wanapika baada ya siku chache.

Sasa nimebakiza jambo moja, na hili ndilo lililonifanya niichukue barua yako kati ya barua nyingi zilizoko mezani. Niambie, ulilia wakati gani? Hukulia aliposema umemtazama usoni. Hukulia alipokuja na mipango ya vyumba viwili, na hata uliposikia ngoma zinauzwa uliishiwa maneno tu, jicho likabaki kavu. Ulilia pale rula zako zilipoacha kukupiga vidole, kwenye kopo la vifungo, lile pigo lilipotoka kwako. Umepima kila kitu cha yule bwana, mzunguko na kimo, kiti tu ndicho ulichoogopa kukikalia ukakipimia mezani. Watu huogopa hivyo kitu wanachokitaka mpaka wanaona aibu kukitaka. Ulikuwa unajiambia umefuata mpiga ngoma, bendi ikakuuliza umemfuata nani, mama akakuuliza, sasa umeniuliza mimi, na hakuna aliyekujibu kwa sababu swali lenyewe halikuwa la nani. Unataka kupiga ngoma. Ndiyo hivyo tu. Miaka yote umesimama upande wa watazamaji ukidhani ndio upande wa ngoma, na ukashangaa mikono yako inagongana.

Utaniambia umri umekwenda, utaniambia mwanamke, utaniambia kazi. Sijakuuliza. Una mguu uliokanyaga cherehani miaka na miaka, hakuna mwanafunzi wa ngoma anayeanza na mtaji huo. Tafuta mwalimu, asiwe Spana na asiwe rafiki wa Spana, awe mzee mwenye mke na hasira kidogo. Zungumza na Bimkubwa akuachie kona ya karakana baada ya kazi, unamdai radhi kwa ule mdomo wake, na kama kuna nyumba mjini hapo ambayo jirani hawezi kulalamika kelele ni nyumba iliyojaa mapazia ya kuzuia sauti. Anza na ngoma moja, hata kuukuu, hata yenye ngozi iliyolegea. Na siku utakapozipata zote usizipange ukiwa umesimama mbele. Zunguka nyuma, vuta kiti, kikalie kwanza, ndipo uanze kupanga.

Ule mto usimdai. Mtu aliyekataliwa anahitaji pa kuweka kichwa. Shona mwingine, na safari hii uutie mwenyewe ndani ya ngoma yako.